Nani Kasuka Huu?

Picha yenyewe niliinunua kwa sababu ya fremu. Wageni wanaokaa Masaki mikataba yao ikiisha huuza vitu vya ndani: jokofu, baiskeli za watoto, vyungu vya maua, mashuka. Mimi huenda huko kuwinda fremu, maana fremu ya mbao ngumu yenye kioo kizima, ukiiagiza kwa fundi, itakutoa jasho. Hii niliipata kwa elfu ishirini na tano. Ndani yake kulikuwa na karatasi nyekundu, na juu ya wekundu huo njia nyekundu zilizokata kona, zikarudi zilikotoka, zikakata kona nyingine, hazifiki popote. Nikajisemea nikifika nyumbani naing'oa, naweka picha ya harusi ya dada yangu.

Kilichoiokoa ni uvivu. Niliiegemeza ukutani sebuleni nikaisahau. Jioni mama akaja kutoka Mbagala, akavua viatu mlangoni, akainua kichwa, akasimama hapohapo na mkoba mkononi.

"Nani kasuka huu?"

"Mama, hiyo karatasi."

"Karatasi nimeiona. Nauliza nani kasuka."

Nilicheka. Kwanza nieleze kwa nini nilijiona nina haki ya kucheka. Kazi yangu ni kuchapa fulana. Nina chumba ghorofani Kariakoo, meza mbili ndefu, fremu za skrini, zile zenye wavu uliokazwa ambao rangi husukumwa kupitia kwake, zaidi ya arobaini zimesimamishwa ukutani kama vitabu, na ndoo za rangi ambazo zimeshatia doa kila suruali niliyowahi kuwa nayo. Fulana za kampeni, za mbio za hisani, za mahafali, za misiba ya watu wenye uwezo. Miaka kumi na sita sasa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu kitu kilichochapwa, najiona mwenyeji. Mama yeye ni wa kisiwa cha Mafia, kazaliwa Kilindoni, na tangu akiwa mtoto mikono yake haijawahi kukaa bure: anasuka ukili, ule utepe wa miyaa ya mkindu unaoshonwa mikeka. Mpe habari ya msiba au ya harusi, ataisikiliza huku vidole vinakwenda.

Alipoondoka nikaitoa karatasi kwenye fremu. Sisi wachapaji tuna maradhi haya, hatuwezi kuona rangi juu ya karatasi bila kuisogeza puani. Nikachukua lenzi yangu ndogo ya kukuzia, ile tunayoangalizia kama rangi imelenga mahali pake, nikainama. Nukta. Wekundu wote ule ulikuwa nukta za waridi na za njano zimejipanga kama mchwa, na nyeusi chache kwenye sehemu za kiza. Maana yake ni mashine ya ofseti, ile inayochapa magazeti na mabango kwa wingi. Nilikuwa na bango, tena bango la kawaida kabisa.

Kilichonisumbua ni kwamba bango lenyewe halikuwa picha ya mchoro wa brashi. Nilivyozitazama zile kingo zilivyonyooka, na namna wekundu mmoja ulivyolala juu ya mwingine bila kutikisika, nikajua kilichopigwa picha ni kazi ya skrini. Kazi ya skrini ya kweli haina nukta za namna hii. Rangi yake hulala bapa, nene, ukipitisha kucha kwenye ukingo unaihisi. Na kazi ya skrini ya msanii, tofauti na fulana zangu, huchapwa kwa idadi iliyohesabiwa: chini kabisa, kwa penseli, msanii anaandika namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju (/), nakala ya ngapi kati ya ngapi, kisha anatia saini. Langu lilikuwa na maandishi madogo ya mashine tu: Anni Albers, Red Meander.

Nikaenda kusoma, na katika usiku wa kwanza nikagundua mama alikuwa ameniacha mbali sana. Red Meander ilianza mwaka 1954 kama kitambaa. Ni kazi ya kufumwa, kitani na pamba, ndogo tu, urefu wake nusu mita na kidogo. Mfumaji wake ni huyohuyo Anni Albers. Miaka kama kumi na tano baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia 1970, akaurudia mchoro uleule kwa skrini, juu ya karatasi. Kisha mtu mwingine akaipiga picha, akaitia kwenye ofseti, ikasafiri mpaka Masaki. Kwa hiyo nilichokuwa nacho sebuleni ni picha ya chapa ya kitambaa, na mama aliona moja kwa moja mpaka kitambaani, akapita tabaka mbili za karatasi kana kwamba hazipo.

Anni alizaliwa Berlin mwaka 1899, kwenye nyumba ya watu wenye nafasi. Baba yake alikuwa na biashara ya samani, na ukoo wa mama yake, kina Ullstein, walikuwa wachapishaji wakubwa wa magazeti na vitabu Ujerumani. Binti wa nyumba kama hiyo alitarajiwa ajifunze kidogo kuchora, kidogo muziki, halafu aolewe. Yeye akataka kuchora kwelikweli. Kuna kisa chake ninachokipenda: alichora sura ya mama yake, akaipeleka kwa Oskar Kokoschka, mchoraji mwenye jina kubwa wakati ule. Kokoschka akaitazama, akamuuliza kwa nini anachora. Hakukosoa pua wala macho. Aliuliza sababu tu. Nadhani swali kama hilo linamuua kijana mmoja na kumpa mwingine kazi ya maisha.

Mwaka 1922 akaingia Bauhaus, shule ya Weimar iliyotaka kufundisha sanaa na ufundi ndani ya nyumba moja. Kwenye karatasi, wanawake na wanaume walikuwa sawa. Kwenye karakana, wanawake walisukumwa kwenye ufumaji. Anni alitaka kioo. Huko kwenye kioo ndiko alikokuwa Josef Albers, mtu ambaye wangeoana mwaka 1925, lakini sababu yake haikuwa hiyo peke yake, nyuzi alizidharau. Aliona ni kazi ya kike, kazi laini. Akaingia kwa kukosa pengine pa kuingia.

Mimi ninajua hisia hiyo. Nilikuwa nataka kuchora. Kuchapa fulana nilianza kwa sababu rafiki yangu alikuwa na fremu mbili na deni.

Kilichotokea kwake ni kwamba nyuzi zilimpa mipaka, na ndani ya mipaka akapata nafasi. Mfumaji hachori anachotaka. Kwenye kitanda cha mfumi kuna mtande, nyuzi zilizovutwa na kukaza kwa urefu, na kuna mshindio, uzi unaopita kati yake kwenda na kurudi. Kila kitu unachotaka kusema lazima kipite kwenye makutano ya nyuzi hizo mbili, juu au chini. Paul Klee, aliyekuwa akifundisha palepale Bauhaus, alikuwa anaonyesha wanafunzi jinsi umbo moja dogo linavyoweza kurudiwa, kugeuzwa, kupinduliwa, mpaka likazaa uso mzima. Kwa mtu mwenye kitanda cha mfumi, hayo ni kama kuambiwa mikono yako ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Cheti chake alikipata mwaka 1930 kwa kitambaa ambacho hakuna atakayekitundika ukutani akakisifia. Kilikuwa cha ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi pale Bernau, karibu na Berlin. Ukumbi ulikuwa na mwangwi. Anni akafuma kitambaa ambacho upande mmoja kinanyonya sauti na upande wa pili, kwa kuchanganya nyuzi na selofani, kinarudisha mwanga ndani ya chumba. Selofani, ile inayong'aa kwenye pakiti za pipi! Nilisoma hapo mara mbili. Huyu mama hakuwa mtu wa mapambo. Alikuwa fundi anayetatua shida ya mwangwi kwa uzi.

Mwaka 1933 Bauhaus ikafungwa, Wanazi wakiwa madarakani, na yeye anatoka ukoo wa Kiyahudi. Philip Johnson, Mmarekani aliyekuwa ameona kazi zao, akasaidia wakapata mwaliko wa kufundisha kwenye chuo kipya kidogo milimani North Carolina, Black Mountain College. Wakafika Novemba mwaka huohuo. Walikaa pale mpaka 1949. Kutoka huko wakaanza safari za Mexico, ya kwanza mwaka 1935, kisha nyingine na nyingine, wakikusanya vipande vya vitambaa na vinyago vidogo vya udongo vya kale.

Safari hizo zilimbadilisha kuliko Bauhaus, hiyo ni hukumu yangu. Huko Monte Albán, kwenye magofu ya kale ya Mexico, aliona habari za vito vilivyofukuliwa kaburini mwaka 1932, dhahabu pamoja na makombe ya kawaida ya baharini, vyote vimeungwa kwa heshima moja. Aliporudi chuoni, yeye na mwanafunzi wake Alex Reed wakaingia duka la vifaa vya ujenzi. Wakatengeneza mikufu ya shingoni kwa washa, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati, klipu za karatasi, na hata kile kichujio cha sinki la jikoni. Nimeuona mkufu wa kichujio kwenye picha. Unapendeza kuliko dhahabu nyingi ninazoziona kwenye harusi za Dar es Salaam, na naomba shemeji zangu wanisamehe.

Na alipoandika kitabu chake kikubwa kuhusu ufumaji, mwaka 1965, alikitunuku kwa walimu wake wakuu, wafumaji wa Peru ya kale. Watu waliokufa karne nyingi kabla yake, wengi wao bila shaka wanawake, na hakuna jina la hata mmoja.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa usiku huo, kwa sababu ya kanga iliyokuwa imening'inia kitini.

Kanga ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, ina jina. Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Jina ni yale maneno yanayotembea chini ya mji, ya kumsuta jirani au kumpa mama pole. Ukiichunguza kanga ya Kenya ya siku nyingi utakuta pia maandishi madogo, K.H.E. na "Mali ya Abdulla", alama ya mfanyabiashara, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa. Kwa hiyo kanga ina jina la methali na ina jina la mwenye duka. Aliyekaa akachora yale maua, akaupanga mji ukalingana na pindo nne, akahesabu nafasi ya herufi, huyo hayupo. Mjomba wangu alifanya kazi kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Hadithi zake nyingi zilikuwa za mashine, za zamu za usiku, za mpira wa timu ya kiwanda. Katika miaka yote ya hadithi zake sikumbuki akimtaja mchoraji hata mmoja. Wala mimi sikuwahi kuuliza.

Mwaka 1949 jumba la sanaa ya kisasa la New York, Museum of Modern Art, lilimfanyia Anni maonyesho yake peke yake. Hakuna mfumaji aliyewahi kupewa nafasi hiyo pale kabla yake. Ungedhani baada ya hapo swali la kama ufumaji ni sanaa limekwisha. Halikwisha. Mumewe Josef alianza mwaka 1950 kuchora miraba ndani ya miraba, akaichora kwa miaka ishirini na tano mpaka anakufa 1976, na kila mtu akaiita sanaa tangu siku ya kwanza. (Miraba hiyo nimejaribu kuipenda. Naiheshimu. Nikiitazama sana naanza kuwaza vigae vya bafuni.)

Anni alilisema jambo hili bila kuzunguka, uzeeni: kwamba kazi ikiwa ya nyuzi watu huiona ufundi wa mikono, na ikiwa juu ya karatasi huiona sanaa. Na alisema akiwa ameshajaribu pande zote mbili.

Alivyovuka upande wa pili ilikuwa hivi. Mwaka 1963 Josef alialikwa Los Angeles, kwenye karakana ya Tamarind iliyoanzishwa na June Wayne, ya chapa za mawe, yaani zile zinazochorwa juu ya jiwe kisha zikachapwa. Anni alikwenda kama mke. Wayne akamwambia ajaribu na yeye. Akajaribu, na mwaka uliofuata akaalikwa kwa jina lake mwenyewe, akatoa mfululizo wa chapa saba za mistari inayojifunga mafundo kama kamba iliyochoshwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Miguu ilikuwa ikimsumbua maisha yote, alitembea kwa shida, na kitanda cha mfumi si kiti cha kupumzikia; kinataka mgongo, kinataka miguu. Kufikia 1970 alikuwa ameachana nacho. Kutoka hapo mpaka anafariki, mwaka 1994 kule Orange, Connecticut, kazi yake ilikuwa karatasi: chapa za mawe, za bati, na hasa za skrini.

Neno lenyewe la skrini lina aibu ndani yake. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930, mradi wa serikali wa kuwapa wasanii ajira ulikuwa na kitengo cha skrini New York, kikiongozwa na Anthony Velonis. Njia hii ilikuwa ya matangazo ya dukani na vibao vya njiani. Wasanii walipoanza kuitumia, ikatafutwa lugha ya kuwatenga na wachapa vibao, likazaliwa neno serigrafi. Fremu ni ileile, wavu uleule, raba ya kuvutia rangi ileile. Kilichoongezeka ni jina la Kilatini na Kigiriki, na saini ya penseli. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu karakanani, kijana wangu wa kazi akaniuliza kama nimeshinda mkeka wa kubeti.

Nikaamua kuichapa. Si kwa kuuza. Mchoro ni wa mtu na una wenyewe. Nilitaka tu mikono ijue alichofanya.

Nilichora njia moja ya kona kwenye kompyuta, nikaitoa kwenye filamu nyeusi, nikapaka wavu ile dawa ya kijani, nikauanika gizani, nikauchoma kwa taa, nikauosha. Hapa ndipo nilipouona wavu kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na sita. Niliuinua dirishani kuangalia kama umbo limefunguka vizuri, nikaweka lenzi. Wavu wa skrini ni kitambaa. Zamani ulikuwa hariri, leo ni polista, lakini umefumwa: mtande na mshindio, juu, chini, juu, chini, na rangi inapita kwenye vitundu vilivyobaki katikati. Mwanamke yule aliacha kitanda cha mfumi kwa sababu ya miguu, akahamia kwenye ufundi ambao unasukuma rangi kupitia kitambaa kilichofumwa. Hakuwa ameenda mbali.

Kwenye Red Meander ya skrini, umbo lilelile limepandishwa juu yake lenyewe, wekundu juu ya wekundu. Panapokutana tabaka nyingi, rangi inazama. Panapopita tabaka moja, inaelea. Hiyo ndiyo siri ya kule kuona njia inakwenda nyuma ya nyingine wakati hakuna nyuma wala mbele. Ndicho pia kitambaa kinachofanya chenyewe bila kuombwa: ukipitisha mshindio mwekundu kwenye mtande mweupe unapata waridi, ukiupitisha kwenye mtande mwekundu unapata damu, na hakuna aliyechanganya rangi. Jicho ndilo lililochanganya.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Rangi ya fulana imetengenezwa ifunike. Ndiyo sifa yake, mtu anataka maandishi meupe juu ya fulana nyeusi. Nilipoipandisha mara ya pili juu ya karatasi, tabaka la pili likalimeza la kwanza, nikabaki na kipande chekundu kama kitambaa cha Msalaba Mwekundu bila msalaba. Ikabidi niikonde kwa besi tupu, ile isiyo na rangi yoyote, mpaka ikawa kama juisi ya rozela iliyowekwa maji na mwenye nyumba mchoyo. Jaribio la tatu likaanza kusema. Nilichapa ardhi nzima kwanza, yaani ule wekundu wa nyuma, nikaacha ikauke, nikachapa njia ikiwa imesimama, kisha nikageuza karatasi kichwa chini nikachapa njia ileile, kisha nikaisogeza upande kwa upana wa njia moja nikachapa tena. Kopo moja la rangi, nyekundu nne.

Lakini kulenga! Kwenye fulana, ukikosea milimita moja mteja haoni, kifua cha mtu hakinyooki. Kwenye karatasi hii milimita moja ilikuwa mwizi aliyesimama mchana kweupe. Ukingo wa njia ya juu ukipishana kidogo na wa chini, panatokea uzi mwembamba wa wekundu usiotakiwa, na jicho linaukimbilia huo huo na kuacha mengine yote. Nilitupa karatasi ishirini na moja. Nikabaki na nne ninazoweza kuzitazama, na moja ninayoipenda. Nilielewa kwa nini alisema alivutiwa na usahihi wa kazi hii, na kwa nini hakutaka alama ya mkono wake ionekane. Watu wengi wanataka sanaa ionyeshe jasho. Yeye aliliona jasho kama doa.

Sio kila kazi yake ya karatasi imenishika hivyo. Zipo chapa zake za pembetatu ambazo ni hesabu safi na zinaniacha nje. Lakini ipo moja, Camino Real ya mwaka 1969, ambayo nayo ni ya wekundu, pembetatu zimejipanga na kukosana, na jina lake linatokana na hoteli ya Mexico City aliyoitengenezea pambo la ukutani. Hiyo ningeitundika. Kwa bei zinazotajwa leo kwa nakala zenye saini yake, nitaitundika kichwani.

Nilipofuatilia habari za wakfu ulioachwa na wanandoa hao nikakuta kitu ambacho sikukitegemea: wakfu huo ulijenga kituo cha utamaduni katika kijiji cha Sinthian, Senegal, kikafunguliwa mwaka 2015. Msanifu wake ni Toshiko Mori. Paa lake la makuti limepinda na kubonyea makusudi ili likusanye maji ya mvua. Jina lake ni Thread, yaani uzi. Angekuwepo Anni, nadhani paa ndilo angelisifia kwanza.

Wiki iliyofuata nikamchukulia mama ile karatasi moja ninayoipenda. Sikumpa maelezo mengi. Nilimwambia tu alikuwa sahihi, mchoro ule ulianza kama nguo, na mwenyewe alikuwa mwanamke wa Ujerumani aliyekuwa na matatizo ya miguu. Hilo la miguu ndilo lililomgusa. Akaitandaza kitandani, akaifuata njia kwa kidole, taratibu, midomo ikihesabu. Kisha akaniambia nimletee fungu la miyaa kutoka chumba cha uani, iliyotiwa rangi na isiyotiwa.

Alisuka siku tatu. Nilipita jioni ya kila siku. Siku ya kwanza alifumua yote. Ya pili alifumua nusu. Ya tatu nikamkuta ameweka ukili magotini, miwani imeshuka puani, amekasirika kwa utulivu kama anavyokasirika yeye.

"Huu haukusukwa," akasema.

"Si wewe uliyesema umesukwa?"

"Nilisema nani kasuka. Sasa nakwambia haukusukwa, umefumwa. Tazama." Akanivutia mkono karibu. Kwenye ukili, miyaa inakwenda mshazari, kutoka ukingo mpaka ukingo, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Kona ya mraba ukiisuka inatoka imelala, imesimama kwa ncha yake kama almasi. Njia ya yule mama inakwenda wima na inakwenda bapa, sambamba na ukingo, kwa sababu nyuzi za kitanda cha mfumi zinakwenda wima na bapa. "Mkono wake ulifungwa na kile kitanda. Wangu umefungwa na miyaa. Hii yake siwezi."

Nilifikiri ataacha hapo. Akashusha miwani, akaendelea kusuka. Kona zilikuwa zinatoka zimelala, njia nzima imeinama, inapanda upande mmoja wa ukili na kushuka mwingine kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba ndoo. Haikufanana na Red Meander. Ilipendeza vibaya sana.

Sasa ana pima nne. Anasema zikifika kumi na mbili atashona mkeka, shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, ameshaitafuta na kuipata kwenye kopo la vifungo. Wekundu umemwishia katikati ya njia, na jana amenipigia simu nimnunulie kopo la rangi ya miyaa Kariakoo. Akarudia mara mbili kabla hajakata: ya miyaa, sio hiyo yako ya fulana.